John Curwen: Mchungaji asiyejua noti aliyewapa wanakwaya ‘do’ yao

KARATASI ya wimbo ikigawiwa katika kwaya nyingi za Afrika Mashariki, jicho la mwalimu huenda kwanza kwenye kona ya juu kushoto. Hapo pameandikwa maneno machache tu: Do ni G, au Do ni F, au Do ni B flati. Mpiga kinanda anatoa sauti moja, mwalimu anaipokea kwa mdomo, sauti nne zinajipanga na wimbo unaanza.

Mstari huo mdogo, pamoja na herufi d, r, m, f, s, l na t zinazofuata chini yake, ni kazi ya mchungaji mmoja wa Uingereza aliyefariki mwaka 1880. Jina lake ni John Curwen. Hakuwa mwanamuziki wa kusomea. Ujana wake wote alihangaika na noti kama wanavyohangaika nazo wanakwaya wengi leo.

Curwen alizaliwa Novemba 14, 1816, katika mji mdogo wa Heckmondwike, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Spedding Curwen, alikuwa mchungaji wa makanisa huru, yale yasiyokuwa chini ya Kanisa la Anglikana. Kijana akafuata nyayo za baba. Alisomea uchungaji, akapitia pia Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1838 akaanza kazi akiwa mchungaji msaidizi huko Basingstoke, kusini mwa nchi.

Zaidi ya mimbari, alipenda kufundisha watoto. Alijulikana mapema kwa kitabu chake kidogo kuhusu maisha ya mtoto aliyeitwa Nelly Vanner, na pia kwa jitihada zake za kutafuta njia nyepesi ya kufundisha kusoma. Aliamini kwamba mtoto akishindwa kuelewa, kasoro itafutwe kwanza kwa mwalimu na katika njia anayoitumia.

Imani hiyo ilikuja kumgeukia mwenyewe. Watoto wa shule ya Jumapili walihitaji nyimbo, na mchungaji wao hakuweza kuusoma hata wimbo mwepesi kutoka kitabuni.

Agizo la Hull

Mwaka 1841, akiwa mchungaji huko Stowmarket, mashariki mwa Uingereza, Curwen alihudhuria mkutano wa walimu wa shule za Jumapili katika mji wa Hull. Wajumbe walikuwa na kero moja: kuimba makanisani na shuleni kulikuwa kubaya, na waumini wengi walinyamaza wakiwaachia wachache. Curwen akapewa kazi ya kutafuta njia rahisi kuliko zote ya kufundisha uimbaji, kisha aipendekeze kwa wenzake.

Aliyepewa kazi hiyo hakujua muziki. Pengine ndiyo sababu alifanikiwa, kwa kuwa mtu anayejua tangu utotoni huwa amesahau ni wapi palikuwa pagumu.

Ugumu wenyewe ulikuwa hivi. Muziki ulioandikwa kwa noti za mistari mitano huanza na alama zinazowekwa mwanzoni mwa kila mstari. Kuna shapu, inayopandisha noti nusu hatua, na flati, inayoishusha nusu hatua. Wimbo mmoja huwa hauna hata alama moja, mwingine una shapu nne, mwingine flati tatu. Alama hizo ndizo zinazoonyesha ufunguo wa wimbo, ambao wanakwaya wengi huuita kii. Kwa anayeanza, ni kama kusoma barua ambayo maana ya herufi zake inabadilika kila inapofunguliwa.

Katika mwaka huohuo wa 1841, jijini London, mwalimu John Hullah alianza kufundisha umati wa watu katika ukumbi wa Exeter Hall. Njia yake ilitoka Ufaransa na iliungwa mkono na serikali. Ndani yake, do lilikuwa jina la kudumu la noti ya C. Wanafunzi walienda vizuri mradi wimbo uko kwenye ufunguo wa C. Shapu na flati zilipoongezeka, wengi wao walipotea njiani.

Mwalimu wa Norwich

Jibu la Curwen lilitoka kwa mwanamke. Sarah Glover, binti wa kasisi wa Kianglikana katika mji wa Norwich, alikuwa amewafundisha kuimba watoto wa maskini kwa miaka mingi, na mwaka 1835 akachapisha kitabu kuhusu njia yake. Alipokuwa na miaka zaidi ya hamsini, watoto wake walikuwa wakisoma nyimbo ambazo watu wazima wa makanisa mengine hawakuthubutu kuzigusa.

Glover hakulifunga jina la do kwenye noti moja. Kwake, do ilikuwa nyumbani, mahali ambapo wimbo hutulia unapomalizika, iwe ni kwenye C, kwenye G au kwengineko. Majina mengine yalipangwa kwa umbali wake kutoka nyumbani. Mtoto akishaijua safari ya kutoka do kwenda so, ameijua kwenye kila ufunguo. Ukutani alitundika ngazi ya majina hayo, akawa anaonyesha kwa fimbo na watoto wanaimba.

Alifanya na jambo jingine dogo lenye faida kubwa. Noti ya saba ilikuwa ikiitwa si, nayo ilianza kwa herufi moja na so. Glover akaipa jina linaloanza na t, hivyo kila noti ikawa na herufi yake na wimbo ukaweza kuandikwa kwa herufi mojamoja tu. Hiyo ndiyo ti ya wanakwaya wa leo.

Kitabu cha Glover kilipomfikia, Curwen alijijaribu mwenyewe kwanza. Kwa muda wa wiki mbili hivi akaweza kuutoa wimbo kitabuni bila msaada wa mtu, jambo alilolitamani kwa miaka. Kuanzia hapo hakutazama nyuma.

Hata hivyo, mwanzo wa uhusiano wao haukuwa safi kabisa. Curwen aliibadilisha njia ya Glover na kuitangaza kabla ya kupata ridhaa yake, kisha akamwandikia kuomba radhi. Glover aliendelea kuipendelea njia yake kama alivyoitunga. Waliheshimiana hadi mwisho, na Curwen hakuacha kutaja ilikotoka mbegu ya kazi yake. Lakini dunia ilishika jina la mchungaji. Glover alifariki mwaka 1867 akiwa anajulikana na wachache.

Herufi za mashine ya kawaida

Curwen aliongeza nini? Kwanza, alizifanya herufi kuwa ndogo na nyepesi: d, r, m, f, s, l, t. Pili, aliyapanga mapigo kwa alama ambazo kila mwanakwaya anazijua hadi leo: mstari wa wima kugawa vipimo, nukta mbili kutenganisha mapigo, na kistari kuonyesha kwamba sauti inaendelea kushikiliwa. Baadaye alichukua pia majina ya kuhesabia mapigo kutoka kwa walimu wa Ufaransa, akabuni ishara za mkono, kila noti na ishara yake, ili mwalimu aongoze bila hata ubao.

Faida kubwa ilikuwa ya kifedha. Kuchapa noti za mistari mitano kulihitaji mafundi na vifaa maalumu, na vitabu vyake viliuzwa bei ghali. Herufi na nukta za Curwen zilipatikana katika kila kiwanda cha kuchapa magazeti. Kitabu cha nyimbo kikashuka bei hadi mfanyakazi wa kiwandani akaweza kukinunua. Asiyekuwa na pesa aliweza kunakili kwa kalamu kwenye daftari la kawaida.

Mwaka 1843 alitoa kitabu chake cha kwanza cha uimbaji kwa shule na makanisa. Mwaka uliofuata alihamia Plaistow, mashariki ya London, na mwaka 1845 akamwoa Mary Jane Thompson. Kutoka Plaistow kazi ilikua haraka. Lilianzishwa jarida la njia hiyo, chama cha waimbaji wake kikaundwa mwaka 1853, na mwaka 1858 kikatoka kitabu kikuu cha mafunzo. Mwaka 1863 Curwen alifungua kiwanda chake mwenyewe cha kuchapa. Inakadiriwa kwamba kufikia wakati huo watu zaidi ya laki moja na nusu walikuwa wakijifunza kwa njia yake.

Wanamuziki wengi wa kusomea waliidharau, wakiiona kuwa ni kitu cha watoto na cha watu wa kawaida. Majibu aliyaacha kwa waimbaji. Mwaka 1857 watoto 3,000 waliosoma kwa herufi zake waliimba pamoja katika jumba la Crystal Palace, London. Miaka kumi baadaye kwaya ya waimbaji wake ilivuka bahari hadi kwenye Maonyesho ya Paris, ikiongozwa na Joseph Proudman, na kurudi nyumbani na heshima kubwa.

Mwaka 1864 Curwen aliacha kazi ya uchungaji ili awatumikie waimbaji peke yao. Chuo cha walimu wa sol-fa kilifuata, na mwaka 1879 jiwe la msingi la jengo lake liliwekwa Forest Gate, London.

Daraja lililoondolewa

Kwa miaka mingi Curwen hakuwa na nia ya kuzifuta noti za mistari mitano. Herufi zake zilikuwa daraja. Mwanafunzi angezizoea sauti kwa do, re, mi, kisha angevushwa hadi kwenye noti kamili, ambako shapu na flati zisingemtisha tena kwa kuwa angejua anachokitafuta: iko wapi do?

Swali hilo ndilo kiini cha somo lote la kutambua ufunguo, na jibu lake limo ndani ya majina yenyewe ya sol-fa.

Zikiwa ni shapu, ile ya mwisho kuliani ndiyo ti. Nusu hatua juu ya ti ni do. Wimbo wenye shapu moja una F shapu. Hiyo ni ti, na inayofuata juu yake ni G, kwa hiyo do ni G. Wenye shapu nne una F, C, G na D, kwa utaratibu huohuo usiobadilika. Ya mwisho ni D shapu, hiyo ni ti, na juu yake ni E. Basi do ni E.

Zikiwa ni flati, ile ya mwisho ndiyo fa. Kutoka fa mtu anashuka mi, re, do. Wimbo wenye flati moja una B flati. Hiyo ni fa, A ni mi, G ni re, F ni do. Wenye flati tatu una B, E na A. Ya mwisho, A flati, ni fa. G ni mi, F ni re, na E flati ni do. Zikiwa mbili au zaidi, njia ya mkato ipo: flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Pasipo na alama yoyote, do ni C.

Linabaki jambo moja. Kuna nyimbo za huzuni au za uzito ambazo hazitulii kwenye do bali kwenye la. Alama ni zilezile, nyumbani ndipo panapohama. Shapu moja huonyesha kwamba do ni G, lakini wimbo ukimalizikia la, basi nyumbani kwake ni E. Noti ya mwisho ya besi mara nyingi hutoboa siri hiyo.

Hata wimbo ukihama ufunguo katikati ya safari, Curwen aliweka ishara: herufi ndogo pembeni ya herufi kubwa, noti moja yenye majina mawili, la nyumba inayoachwa na la nyumba inayoingiliwa. Mwanakwaya anayeimba so kichwani huku akiitamka do anafanya kwa sekunde moja jambo ambalo wanafunzi wa vyuo hulisomea kwa mwaka mzima.

Lakini mwaka 1872 Curwen aliufanya uamuzi mmoja mzito. Katika toleo jipya la kitabu chake kikuu aliyaondoa masomo ya noti za mistari mitano na kuziacha herufi zisimame peke yake. Aliziona sasa kuwa ni maandishi kamili yasiyohitaji msaada. Kwa mwimbaji wa kwaya alikuwa na hoja, kwani maktaba nzima ya nyimbo kubwa ilikuwa imekwisha kuchapwa kwa sol-fa. Kwa mpiga kinanda, zeze au tarumbeta, mlango ulibaki umefungwa.

Sol-fa yavuka bahari

Njia hiyo ilitoka Uingereza mikononi mwa wamisionari na walimu. Ilienea Wales, Afrika Kusini, Madagaska, visiwa vya Pasifiki na kwengineko, na iliwafaa watu ambao tayari walikuwa na utamaduni wa kuimba kwa sauti nyingi bila ala. Ubao, chaki na sikio zuri vilitosha.

Tunda lake moja linaimbwa na mamilioni ya watu katika ukanda huu. Mwaka 1897 mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu, alitunga wimbo wa kuiombea Afrika. Aliuandika kwa herufi za sol-fa, ufunguo wake B flati. Alifariki mwaka 1905 bila kujua ungefika wapi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliuchukua muziki wake kuwa wimbo wa taifa, na leo kila mtoto wa Tanzania anaujua kama Mungu Ibariki Afrika.

Mwenye karatasi ya noti za mistari mitano ya wimbo huo katika ufunguo wake wa asili ataona flati mbili, B na E. Kwa kanuni ileile, E flati ni fa, D ni mi, C ni re, na B flati ni do. Alama mbili zinazomkwaza anayeanza zinasema neno lilelile ambalo Sontonga aliliandika waziwazi juu ya wimbo wake.

Hata ndani ya Afrika Mashariki do haina maana moja kwa kila mtu. Mwimbaji aliyesoma muziki kwa Kifaransa, kama ilivyo kwa wengi wa Burundi, Rwanda na Kongo, hufundishwa kwamba do ni C siku zote, kama walivyofundishwa wanafunzi wa Hullah. Aliyekulia kwenye sol-fa ya Curwen anajua do inayohama. Wawili hao wakiwekwa kwenye kwaya moja na kuambiwa waanze na do katika wimbo wa ufunguo wa G, mmoja atatoa C na mwingine G, na kila mmoja atakuwa amefuata alichofunzwa. Mwalimu anayejua kutambua ufunguo huwaokoa wote kwa kumtajia mmoja jina la noti na mwingine mahali pake.

Siku za mwisho

Mwaka 1880 ulimwanzia Curwen kwa msiba. Mkewe Mary alifariki mwezi Januari. Miezi minne baadaye, Mei 26, Curwen naye alifariki huko Heaton Mersey, karibu na Manchester, akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa Ilford, mashariki ya London, si mbali na Plaistow alikofanyia kazi yake kubwa. Mwanawe, John Spencer Curwen, aliiendeleza kazi ya chuo na ya uchapaji.

Huko Ulaya herufi zake zilififia katika karne iliyofuata, kadiri noti za mistari mitano zilivyoshuka bei na kuingia mashuleni. Ishara zake za mkono hazikufa. Mtunzi Zoltán Kodály wa Hungaria alizichukua, na kupitia yeye zimefika katika madarasa ya muziki ya nchi nyingi.

Afrika Mashariki na Kusini, herufi zenyewe bado ziko kazini. Zinanakiliwa kwa mkono, zinatolewa fotokopi na kutumwa kwa simu kutoka kwaya hadi kwaya. Wanaozisoma wameshajua sehemu ngumu zaidi ya somo, ile ya kuisikia ti ikiivuta do na fa ikiegemea mi. Kilichobaki ni kidogo: kuitazama shapu ya mwisho au flati ya mwisho na kuiita kwa jina ambalo wamelitamka tangu shule ya Jumapili. Hapo daraja aliloliondoa Curwen mwaka 1872 linarudi mahali pake.